Tulitafuta Gustave, Tukasahau Bidoni



Primeval ni filamu ya Marekani ya mwaka 2007, iliyoongozwa na Michael Katleman. Inahusu mamba wa mto Ruzizi na Ziwa Tanganyika kaskazini, yule anayeitwa Gustave. Huku Uvira bado inapita toka simu hadi simu, na vijana wanaipenda kwa sababu moja tu: Hollywood imetaja maji yetu. Nimeiangalia mara mbili. Mara ya kwanza niliangalia kama kila mtu, mara ya pili nikiwa na karamu mkononi. Nataka kusema kwa nini filamu hii inatudanganya, na kwa nini uongo wake unaweza kuua mtu.

Kwa wale ambao hawajaiona: mwanamke mzungu aliyekuwa anachunguza kaburi la halaiki Burundi analiwa na mamba. Televisheni moja ya Marekani inatuma kikundi kwenda kumkamata huyo mamba akiwa hai. Kiongozi wao anachezwa na Dominic Purcell, kameramani ni Orlando Jones, na mwindaji mzee mwenye kisasi ni Jürgen Prochnow. Wanafika, wanakuta vita, wanakuta pia mkubwa wa wenye silaha anayejiita Gustave Mdogo. Mamba anakula, watu wanapigana risasi, na mwisho yule mkubwa wa silaha naye anaishia mdomoni mwa mamba. Bon, njo hivyo.

Makosa ya kawaida nayapita haraka. Filamu ilipigwa Afrika Kusini, njo maana mtu wa Kavimvira akiiangalia hatambui hata kilima kimoja. Burundi nzima imefanywa machinjio. Tena matangazo yake yalificha kabisa kwamba ni filamu ya mamba: yalizungumza juu ya muuaji aliyeua watu wengi kuliko wote, kama vile ni mtu. Wakosoaji wa huko walilalamikia udanganyifu huo. Lakini mimi naona tangazo lile ndilo sehemu ya filamu iliyosema ukweli juu ya nia yake. Walitaka muuaji, mwenye jina, mwenye nia mbaya, mwenye idadi ya watu aliokwisha kuua. Na sisi tukakubali.

Gustave mwenyewe hakuwa hadithi tupu. Alionekana, alipigwa picha, na alikuwa na alama tatu za risasi mwilini. Jina alipewa na Patrice Faye, Mfaransa aliyeishi Burundi miaka mingi akifuatilia wanyama. Urefu wake ulikadiriwa kupita mita 6, lakini hakuna aliyewahi kumpima. Watu 300 wanaosemwa kwamba aliwaua, hakuna aliyewahi kuwahesabu. Tofauti hii ni kubwa. Mamba mmoja mkubwa sana, ndiyo. Mamba mmoja anayebeba vifo vyote vya mwambao toka Gatumba hadi Rumonge, na upande wetu toka Kavimvira kushuka, hapana. Ruzizi ina mamba wengi. Mtu akipotea majini, nani anajua ni yupi? Lakini kila kifo kikapewa Gustave, kama vile kwenye kartie kukiibiwa kuku, kila mara anatajwa kijana mmoja yuleyule.

Filamu ya pili ni ya heshima zaidi. Inaitwa Capturing the Killer Croc, ilionyeshwa mwaka 2004, na humo Faye mwenyewe yuko na wanasayansi. Walijenga kizimba cha chuma chenye urefu wa karibu mita 9 na uzito wa karibu tani moja, wakakishusha mtoni. Wakaweka chambo cha kila aina. Gustave hakuingia. Mwishoni wakafunga mbuzi mzima ndani. Usiku mmoja wa mvua kubwa kamera ikazimika, asubuhi wakakuta kizimba kimezama nusu na mbuzi hayuko. Muda wao ukaisha, wakaondoka.

Ninaipenda filamu hii kwa sababu inakubali kushindwa mbele ya macho yetu. Pia inamwonyesha mamba kama mnyama: anaona, anasubiri, anakataa. Lakini hebu tazameni kamera inakaa wapi. Inakaa kwenye kizimba. Wale wamama wanaoinama ukingoni kuchota maji, wavuvi wanaosukuma mtumbwi maji yakiwa kiunoni, watoto wanaooga, wote wanapita paka pembeni, kama ushahidi kwamba mamba ni hatari. Hakuna anayewauliza: mama, kwa nini uko hapa saa hii? Tani moja ya chuma ilitumika kumfungia mnyama mmoja. Kwa chuma hicho ungeweza kuzungushia uzio mahali kadhaa pa kuchotea maji. Huko Sri Lanka, kwenye mto Nilwala, watu wanafanya hivyo: wanazungushia sehemu ya kuogea kwa nguzo, mtu anaoga ndani, mamba anabaki nje. Hakuna anayeuliza mamba anaitwa nani.

Hapa niruhusuni niende mbali kidogo, Alaska, kwenye dubu. Mwaka 2005 Mjerumani Werner Herzog alitoa filamu inayoitwa Grizzly Man, juu ya Timothy Treadwell, Mmarekani aliyelala kwenye hema katikati ya dubu wa Katmai kwa majira 13 ya kiangazi. Aliwapa majina, alizungumza nao kama ndugu zake. Mwezi wa 10 mwaka 2003 dubu mmoja alimuua yeye pamoja na mwenzake Amie Huguenard. Walikuwa wamebaki hadi mwisho wa msimu, wakati dubu wanatafuta mafuta ya mwisho kabla ya baridi, na hema lao lilikuwa karibu na njia zao.

Primeval na Treadwell wanaonekana kama maadui: mmoja anasema mnyama ni shetani, mwingine anasema mnyama ni rafiki. Mimi naona wamekosea mahali pamoja. Wote wawili wamempa mnyama jina na moyo wa mtu, halafu wakaacha kuangalia saa na mahali. Herzog alilielewa hili. Anamheshimu Treadwell, lakini hakubali kwamba nyuma ya macho ya dubu kuna urafiki. Anaona mnyama mwenye njaa, basi. Na kanuni wanazofundishwa wanaolala porini kule ni kavu kama kanuni za shamba: chakula usikiweke ndani ya hema, kiweke mbali, kwenye chombo kigumu ambacho dubu hawezi kufungua, usilale kwenye njia yake, piga kelele ukitembea ili usimshitue, beba dawa ya pilipili ya kupuliza. Hakuna kanuni hata moja inayouliza kama dubu huyu ni mwema ama mbaya. Zote zinamhusu mtu: wewe uko wapi, saa ngapi, umebeba nini.

Sasa turudi kwetu. Mamba wa Ruzizi njo mnyama wa mazoea. Anaweza kukaa chini ya maji muda mrefu, na anajifunza ni wapi miguu inaingia majini kila siku. Mama anayechota mahali palepale, saa ileile, juma zima, amemfundisha mamba bila kujua. Kiboko naye ana saa zake. Giza likiingia anatoka majini kwenda kula, anaweza kumaliza kama kilo 40 za majani usiku mmoja, kisha anarudi kwa njia aliyojia. Hatafuti mtu. Lakini ukisimama kati yake na maji, umesimama kwenye mlango wa nyumba yake. Na usidanganyike na kile kitambi, kwa mwendo mfupi anakuacha. Ajabu ni kwamba kiboko hana filamu, hana jina la Kifaransa, na wavuvi wetu wanamuogopa sawasawa na mamba.

Hapa mtasema: agronomu, sasa unawalaumu wazungu peke yao. Hapana. Sisi tuna filamu yetu, na ni ya zamani kuliko Hollywood. Mtu akichukuliwa na mamba, kabla hata ya matanga kwisha utasikia: yule hakuwa mamba wa kawaida, ni mamba wa kutumwa. Ana mwenyewe. Na mwenyewe, kwa bahati ya ajabu, karibu kila mara ni mzee asiye na watoto wa kumtetea, ama mjane mwenye kiwanja ambacho mtu fulani anakitaka. Huyu mamba wa kutumwa na Gustave wa Hollywood ni mapacha. Wote wana nia. Wote wanahitaji mtu wa kulaumiwa. Na wote wanatuachia ukingo uleule, saa ileile, na kesho mtoto mwingine anashuka na bidoni.

Bidoni ile njo mhusika mkuu ambaye filamu zote zimemsahau. Kwa nini mtoto anashuka ziwani saa 12 asubuhi, ukungu haujaondoka bado? Kwa sababu bomba limekauka. Mwaka 2015 kulitoka utafiti wa kisayansi juu ya mji wetu wa Uvira, uliolinganisha siku ambazo maji ya bomba yalikatika na wagonjwa waliopokelewa wakishukiwa kuwa na kipindupindu. Siku zilizofuata kukatika kwa maji, wagonjwa waliongezeka. Karibu robo ya waliopokelewa ilihusishwa na mapungufu hayo ya maji. Utafiti haukuhusu mamba, na mimi sitaki kuusemesha kile ambacho haukusema. Lakini njia ya ziwani ni ileile. Anayeshuka kuchota kwa sababu bomba limekauka anakutana na vyote viwili, kipindupindu ndani ya bidoni na mamba pembeni yake. Bomba linalotoka maji kila siku lingepunguza hatari zote mbili, na halihitaji mwindaji mwenye kisasi.

Kuna jambo la pili, nalo ni la taaluma yangu. Kwenye bonde la Ruzizi, kuanzia Kiliba hadi Sange, tunalima mpaka ulimi wa maji. Tunakata matete, tunapanda lengalenga, mahindi, mpunga. Ninaelewa: ukingoni udongo ni mweusi, una unyevu hata kiangazi, na familia inakula. Lakini matete yale yalikuwa mpaka. Kiboko alikuwa na majani yake huku, sisi mpunga wetu kule. Tukiyaondoa, tumemwandalia meza, halafu tunashangaa amekaa. Tena baada ya mafuriko ya mwezi wa 4 mwaka 2020, na baada ya ziwa kupanda na kuingia kwenye nyumba za watu mwaka 2024, ukingo wenyewe umehama. Mahali palipokuwa uwanja wa mpira panaweza kuwa maji, na mnyama hajui kwamba ile ilikuwa avenyu.

Kisha kuna ndugu zetu wanaoshuka toka Mulenge, Lemera na milima mingine, wakikimbia vita ama wakitafuta maisha. Wanajua ng'ombe, wanajua baridi, wanajua nyani kwenye mahindi. Ziwa hawalijui. Mvuvi wa Kimanga amejifunza saa za kiboko toka utoto, kwa kumsikiliza baba yake. Aliyefika juzi nani anamfundisha? Akiuliza anasimuliwa Gustave. Akisikia tena kwamba Gustave alikufa, anashuka majini bila wasiwasi. Jina linaua hapo: linafanya watu waogope mmoja, na siku huyo mmoja akisemwa hayuko tena, hawaogopi hata kidogo.

Filamu ambayo ningeitaka haingekuwa na gharama kubwa. Ingeanzia kwa mama, si kwa mamba. Ingefuata bidoni toka nyumbani hadi majini na kurudi, na ingetuonyesha mambo machache tu. Usichote kulipopambazuka vibaya wala jioni giza likianza. Badilisha mahali. Usiingie majini miguu yote miwili, tumia ndoo yenye kamba ndefu ama fimbo. Mtoto asitumwe peke yake. Matumbo ya samaki yasitupwe pale watu wanapochota. Njia ya kiboko uijue, uiachie usiku. Shamba liache ukanda wa matete kabla ya maji, na penye kiboko msumbufu chimba mtaro ama weka uzio mfupi lakini imara, kwa maana kiboko hajui kuruka. Mwishoni ingeonyesha robine inatoka maji, na mama hashuki ziwani tena. Najua, mwisho huo hauuzi tiketi.

Kwa hiyo nawaomba, hasa ninyi mnaofundisha shule za msingi na sekondari huku mwambao: watoto wakiwauliza juu ya Gustave, waambieni ndiyo, alikuwepo. Halafu waulizeni swali ambalo filamu haikuuliza: leo nani katika nyumba yenu ataenda kuchota maji, na ataenda saa ngapi?