Makumbusho na Mtoto Aliyesimama Dede

Sisi walimu wa Kiswahili tumezoea kuhakiki riwaya, tamthiliya na diwani za mashairi. Nyumba ya makumbusho hatuihakiki. Twapeleka darasa, twahesabu watoto wakati wa kutoka, na kazi imekwisha. Hata hivyo makumbusho nayo ni kazi ya utunzi. Yuko aliyechagua kipi kionyeshwe na kipi kibaki ghalani, aliyepanga kipi kitangulie, na aliyeandika maelezo yaliyo chini ya kila kitu. Tena kazi hiyo ina wasomaji wake, na miongoni mwao yumo mmoja asiyejua kusoma kamwe: mtoto wa miaka miwili au mitatu, aliyeletwa na wazazi wake siku ya Jumamosi, huku mkono mmoja umeshika gauni la mama.

Katika makala haya twakusudia kuyapima makumbusho ya taifa ya Uganda, yaliyopo barabara ya Kira mjini Kampala, kwa kipimo cha msomaji huyo mdogo. Kando yake tutayatazama maonyesho ya ngoma ya kundi la Ndere huko Ntinda, kwa kuwa familia nyingi za mjini huchagua baina ya mahali hapa pawili.

Huenda baadhi ya wenzetu wakauliza: mtoto wa umri huo ana haja gani na makumbusho? Hajui jana na juzi, seuze karne iliyopita. Swali hili ni la haki, na jibu lake limo katika kazi yetu wenyewe. Umri wa miaka miwili hadi minne ndio umri wa kuokota maneno, na mtoto haokoti neno tupu. Huliokota pamoja na kitu chake, harufu yake na sauti yake. Mtoto wa Kampala aliyelelewa ghorofani ameona dumu la plastiki, hakuona mtungi. Ameona blanketi, hakuona nguo ya gome la mti. Akifika darasani kwetu akiwa na miaka kumi na mitatu, neno "mtungi" humfikia kama jina la mtu asiyemjua. Wahenga walisema udongo uupate ungali maji. Tukiungoja ukauke, tutabaki kuuvunja.

Makumbusho haya yalianzishwa mwaka 1908, wakati wa Gavana Hesketh Bell, na vitu vyake vya kwanza viliwekwa katika ngome ya Lugard, Kampala ya Kale. Kwa kuwa miongoni mwa vitu hivyo vilikuwamo vya ibada, Waganda waliiita nyumba ile Enyumba ya Mayembe, yaani nyumba ya hirizi na mizimu, na wengi waliiogopa. Jengo la leo lilibuniwa na msanifu Ernst May, likafunguliwa mwaka 1954. Wakati huo mhifadhi alikuwa Klaus Wachsmann, mtaalamu wa muziki, aliyeshika kazi hiyo tangu mwaka 1948 hadi 1957. Yeye ndiye aliyeona kwamba ngoma isiyopigwa ni gogo tu. Akaweka wapigaji, na makumbusho yakasifika kuwa makumbusho yaliyo hai.

Basi, tuingie. Katika kumbi za mwanzo mtoto hakutani na uhai huo. Hukutana na kioo. Makabati yamepangwa kwa macho ya mtu mzima, na aliyesimama dede juzi huona zaidi miguu ya kabati kuliko kilichomo. Mzazi hulazimika kumwinua, na mkono wake ukichoka, somo limekwisha. Hatusemi vioo viondolewe. Kitu cha kale kikivunjika hakina mbadala, na mtunzaji anayekilinda kwa ajili ya wajukuu wa mtoto huyu hatendi kosa. Tunachosema ni kwamba ukumbi wenye kioo kitupu, usio na kitu hata kimoja cha kushikwa, humfundisha mtoto jambo moja tu: kwamba mambo ya wazee wake hayaguswi. Ile hofu ya Enyumba ya Mayembe hurudi kwa mlango mwingine.

Ukumbi wa muziki ni habari nyingine. Ala zimepangwa kwa makundi yake: ngoma, ala za kugonga na kutikisa, ala za kupulizwa, na ala za nyuzi. Akitokea mpigaji akaketi mbele ya amadinda, ambayo ni marimba ya Buganda, hakuna mtoto asiyegeuza shingo. Hapa mpangilio wa mtaalamu na akili ya mtoto hukutana, maana mtoto naye huzigawa ala kwa namna zinavyolia: hii yapigwa, hii yatikiswa, hii yapulizwa. Mwalimu wa lugha naye ana furaha yake. Neno la Luganda la ngoma ni lile lile letu, limebadili mavazi kidogo tu. Ile ndefu iitwayo engalabi yakumbusha msondo wa pwani. Ensaasi ni manyanga. Endere ni filimbi. Lakini ennanga ni kinubi, wala haihusiani na nanga ya jahazi. Ukumbi huu, kwa maoni yetu, ndio sura bora ya kitabu kizima, mradi pawepo mpigaji. Asipokuwapo, unarudi kuwa kabati kubwa.

Nyuma ya jengo kuna kijiji cha nyumba za asili, zilizojengwa kwa mitindo ya makabila mbalimbali na kuwekwa vyombo vya nyumbani. Hapo mtoto huwa mwenyeji. Milango ni mifupi, naye hupita bila kuinama. Baba yake ndiye anayeinama. Huona vibuyu, vikapu, na kile chombo cha maziwa cha Ankole kilichochongwa kwa mti, kiitwacho ekyanzi. Kiswahili hakina neno moja la kukitosha chombo hicho, na hatuoni aibu kulisema. Lugha inayotaka kuwa ya watu wote yapaswa kukaa chini na kuuliza, "Chombo hiki kwenu mwakiitaje?" na kulipokea jibu.

Sasa tuwatazame Ndere. Kundi hili liliundwa mwaka 1984 na Stephen Rwangyezi, na jina lake latokana na endere, ile filimbi tuliyoitaja. Hapa kitu hakikai kabatini hata kidogo. Katika runyege ya Bunyoro na Tooro misewe hulia miguuni mwa wachezaji. Katika ekitaguriro ya Ankole mikono huinuliwa kama pembe za ng'ombe, na mtoto wa miaka mitatu huinua yake papo hapo bila kufundishwa. Kwa mguso wa mwili, Ndere yayashinda makumbusho. Lakini uhakiki wa haki hauna budi kusema na upande wa pili. Maonyesho ya jioni ni marefu, sauti ni kubwa, na mtoto huyo aghalabu hulala kabla ya ngoma ya mwisho. Tena kitu kinachopita mbele ya macho kwa kasi hakimpi nafasi ya kuuliza. Katika kijiji cha makumbusho anaweza kusimama mbele ya mtungi mmoja kwa robo saa, akauzunguka, akaurudia. Ngoma haimngoji. Kwa hiyo pahali hapa pawili hapashindani. Pamoja hukamilishana, mzazi akijua kila pamoja patoacho.

Twafika kwenye doa kubwa, nalo ni la lugha. Maelezo mengi ya makumbusho yameandikwa kwa Kiingereza. Mtoto hasomi, ni kweli, lakini mzazi ndiye mdomo wa maandishi hayo, na mzazi husema kile alichokisoma. Akisoma "drum" atasema "drum", ingawa neno analo la mama yake na la jirani zake. Hivyo kibandiko kidogo ukutani huamua neno litakaloingia kinywani mwa mtoto.

Je, dawa yake ni kuweka Kiswahili mahali pa Kiingereza? Hapa twaomba wenzetu watuvumilie. Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na mwezi wa Julai mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Tulishangilia. Lakini tusisahau kwamba Kiswahili kilitangazwa pia kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, kwa amri ya Idi Amin, na kwamba wazee wengi nchini humo walikisikia kwanza kinywani mwa askari mwenye bunduki. Kikija sasa kulifuta neno la nyumbani, mtoto atakipokea kama amri nyingine. Kibandiko kinachofaa ni kile chenye jina la kitu katika lugha ya watu waliokitengeneza, kwa herufi kubwa, na Kiswahili kando yake kama jirani. Kiingereza nacho kibaki kwa wageni.

Mwezi wa Juni mwaka 2024 vitu 39 vilivyokuwa Chuo Kikuu cha Cambridge vililetwa Kampala kwa mkopo wa miaka mitatu. Kabla yake, mwaka 1962, vilirudishwa vitu vitakatifu vya Kibuuka, mungu wa vita wa Buganda. Twafurahi pamoja na ndugu zetu. Lakini kitu kilichorudi nyumbani kikakuta watoto hawajui jina lake kimerudi nusu ya safari. Nusu iliyobaki haihitaji meli wala mkataba. Yahitaji mtu mzima mmoja atakayechutama kando ya mtoto na kulitamka jina hilo.

Kwa wazazi na walimu wenzetu tuna machache ya kushauri. Ukumbi mmoja kwa siku watosha. Asubuhi ni bora kuliko jioni. Mkicheza mweso, ambao una mashimo 32 na kete 64 kama bao letu, hesabuni kete kabla na baada, maana mtoto wa miaka miwili huzionja. Zaidi ya yote, msiigeuze ziara kuwa mtihani. Mtoto anayeulizwa kila hatua "Hiki ni nini?" huacha kuuliza yeye.

Kwa wenye makumbusho twaomba mambo mawili yasiyo ya gharama kubwa: ubao wa kukanyagia mbele ya makabati, na meza moja fupi yenye vitu vya kuigiza vinavyoweza kushikwa: kikapu, kibuyu, kipande cha nguo ya gome la mutuba, ngoma ndogo. Na kwa chama chetu twapendekeza kazi iliyo halali yetu: kuketi na walimu wa Luganda, Runyankole, Acholi na lugha nyinginezo, kuandika kwa pamoja majina ya vitu vya ukumbi mmoja tu, kisha kuyapeleka kwa mhifadhi. Tuanze na ukumbi wa muziki. Maneno yake hayafiki mia, na wazee wanaoyajua kwa usahihi wanazidi kupungua.