Mita 92.72 za Yego zilianzia miguuni

Tarehe 26 Agosti 2015, jijini Beijing, Julius Yego wa Kenya alirusha mkuki wa gramu 800 umbali wa mita 92.72 na kutwaa dhahabu ya dunia. Ihab Abdelrahman wa Misri, aliyeshika nafasi ya pili, aliishia mita 88.99. Wengi waliusifu mkono wa Yego. Ukiutazama mrusho ule taratibu, utaona kwamba mkono ulikuja mwisho kabisa.

Katika hatua za mwisho za mbio, mkono wa kulia umenyooshwa nyuma na umetulia. Miguu inapishana kwa kasi mpaka inatangulia kiwiliwili. Kisha mguu wa kushoto unakita chini, goti likikataa kukunjika. Hapo ndipo penye siri: sehemu ya chini ya mwili inasimama ghafla, na ile kasi haina pa kwenda ila juu. Nyonga inageuka, kifua kinafunguka, bega linafuata, kiwiko kinapanda karibu na sikio, na kiganja kinamalizia. Ni kama mjeledi: mpini husogea kidogo, ncha hukimbia. Yego humaliza kwa kuanguka kifudifudi, ishara kwamba mwili mzima umeingia katika mrusho.

Mpangilio huu huleta umbali, na pia huulinda mkono. Mguu wa mbele ukilegea au nyonga ikichelewa, mrushaji hufidia kwa bega. Kiwiko hushuka na kupita pembeni, na kano ya upande wake wa ndani huvutwa kupita kiasi. Kano hiyohiyo huwasumbua warushaji wa besiboli. Mwaka 1974, daktari Frank Jobe wa Marekani alimtengenezea mmoja wao, Tommy John, kano mpya kwa kutumia kano iliyotolewa katika mkono wake mwingine.

Miguu nayo hulipia mzigo inaoubeba. Katika Olimpiki ya Rio 2016, Yego alirusha mita 88.24 katika jaribio la kwanza, akaumia kifundo cha mguu kabla fainali haijaisha, na akaondoka na medali ya fedha.

Yego alianza kujifunza kwa kutazama video za warushaji mkuki Jan Železný na Andreas Thorkildsen kwenye YouTube. Vijana wetu nao wanazo video za Yego, na ninawasihi makocha wa shule wawaonyeshe mahali pa kutazama. Waanze na mguu wa kushoto, warushe mpira mwepesi kwa hatua tatu, waimarishe tumbo, mgongo na misuli ya nyuma ya bega, na wapate siku za kupumzika kati ya mazoezi ya kurusha kwa nguvu zote. Mtoto akilalamika maumivu upande wa ndani wa kiwiko, asimamishwe siku hiyohiyo na apelekwe kwa daktari. Medali inaweza kusubiri msimu mwingine. Kano iliyokatika inaweza kumfungia mlango kabla hajafika utu uzima.