Pedi ya Breki Isiyobadili Kauli

Mwenye Subaru Impreza WRX STI au Mazda MX-5 akiingia duka la spea kuulizia pedi za breki, na akasema gari hilo hulipeleka pia saketi, maswali anayopokea huwa mawili: unataka chapa gani, na mfuko unasemaje. Yote mawili yanaweza kusubiri. Swali la kuanzia ni hili: mguu ukikanyaga kwa nguvu ileile, je, gari litapunguza mwendo kwa kiasi kilekile, alfajiri ukitoka getini na breki baridi, na tena katika mzunguko wa sita wakati kila kitu kimeshapata moto? Pedi bora ni ile inayoitikia ndiyo kwa sehemu kubwa zaidi ya safari hiyo. Ukali wa kushika ni sifa ya pili, na pesa nyingi hupotea kwa kuifanya ya kwanza.

Ukizungumzia breki unazungumzia joto. Gari la kilo 1,500 likipunguzwa kutoka kilomita 200 kwa saa hadi 80, breki humeza nishati ya kutosha kuchemsha lita karibu sita za maji ya bomba, na kazi hiyo huisha ndani ya sekunde nne. Takriban asilimia 70 ya mzigo huangukia breki za mbele. Barabarani jambo kama hilo hutokea mara moja moja, na baada yake diski hupata upepo wa kutosha. Saketini linajirudia kona baada ya kona. Diski ambayo mjini haivuki nyuzi 150 au 200 za Selsiasi, huko inaweza kupita 500, na ikifika 600 hivi huanza kuonekana nyekundu kwenye kiza.

Msafiri aliyeshuka mteremko wa Kitonga akitokea Iringa anaijua harufu ya breki za lori zilizozidiwa. Ndani ya pedi kuna resini inayoshikanisha nyuzi, unga wa metali na madini. Resini ikipita joto lake huanza kuungua na kutoa gesi, gesi inakaa kati ya pedi na diski, na msuguano unaporomoka. Dalili yake ni pedali ngumu, imesimama juu kama kawaida, lakini gari linaendelea kwenda. Mafuta ya breki yakichemka dalili ni nyingine kabisa: pedali inazama kama umekanyaga sifongo, kwa sababu mvuke unabanika na mafuta hayabaniki. Mtu anayetaka kuhukumu pedi lazima azitofautishe hali hizi mbili kwa mguu wake, maana wengi wamebadilisha pedi nzuri kwa kosa la mafuta machakavu.

Saketi nazo hazifanani. Nordschleife ya Nürburgring, Ujerumani, ina urefu wa kilomita 20.8, na jina lake hutisha, lakini breki zake hupata vituo vya kupumzika. Kuna mahali pagumu: unatoka Schwedenkreuz kwa kasi kubwa na papo hapo unatakiwa kuikata kasi kwa ajili ya Aremberg, baadaye unateremka kupitia Kallenhard na Wehrseifen hadi Breidscheid, breki baada ya breki, na mteremko wenyewe unalisukuma gari. Ukishavuka Breidscheid barabara inapanda kuelekea Bergwerk na Kesselchen, na hapo diski zinapata hewa kwa muda mrefu. Saketi fupi yenye kona kali na nyoofu mbili tatu huweza kuitesa pedi kuliko huko, kwa kuwa diski haipoi kabla ya kona inayofuata. Kwa hiyo anayekwambia pedi fulani “ni ya saketi” bila kuuliza saketi ipi, gari la uzito gani na matairi ya namna gani, hajakwambia kitu. Matairi yanayonata zaidi yanakuruhusu kufunga breki kwa nguvu zaidi, na joto linapanda pamoja nayo.

Kuhusu aina za pedi nitasema machache tu. Za nyuzi zisizo na metali nyingi, pamoja na nyingi ziitwazo za seramiki, ni tulivu, hazichafui rimu, na kwa saketi hazifai. Zenye metali zaidi hustahimili moto lakini hutoa vumbi na kula diski. Za mashindano, zikiwemo zile za unga wa metali uliookwa pamoja, zinaishi katika joto ambalo pedi ya barabarani ingekuwa majivu. Majina haya ya jumla yanasaidia kidogo. Ndani ya kundi moja kuna pedi nzuri na mbaya, na tofauti iko kwenye mchanganyiko ambao kila kiwanda kinaufanya siri. Ufundi huu ni wa zamani: Herbert Frood alianza kuutafuta mwaka 1897 huko Derbyshire, Uingereza, kwa ajili ya mikokoteni kwenye vilima, na kampuni yake ikawa Ferodo.

Sasa tuje kwenye mguu, mahali ambapo ubora hujidhihirisha. Pedi ina mambo matatu ya kusikilizwa. La kwanza ni namna inavyoshika pale unapogusa. La pili ni namna nguvu inavyopanda unapoendelea kukanyaga, na tena inavyobaki wakati diski inazidi kupata moto huku gari likipunguza mwendo. Kuna pedi ambazo nguvu hujiongeza zenyewe mwishoni mwa breki, gurudumu likafunga wakati hujaongeza chochote. La tatu husahaulika na ndilo linalowatenganisha madereva: kuachia. Unapoingia kona ukiwa bado na breki kidogo, unaupunguza mguu taratibu ili pua ya gari igeuke. Pedi nzuri inakufuata robo kwa robo. Mbaya inaendelea kushika, kisha inaachia yote kwa mara moja, na gari linayumba katikati ya kona. Dukani, kushika kwa mguso wa kwanza ndiko kunakosifiwa, kwa kuwa kunasikika hata ukizunguka mtaa mmoja. Kuachia hakujaribiwi mtaani.

Vipi basi mnunuzi apime kabla ya kufunga? Geuza pedi utazame ukingo au mgongo wake. Kwenye nyingi utakuta herufi mbili, kama FF au GG, zinazofuata kipimo cha Marekani cha SAE J866. Ya kwanza inaeleza msuguano wa pedi katika joto la kawaida, ya pili ikiwa moto. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F kati ya 0.35 na 0.45, G kati ya 0.45 na 0.55. Ukiona herufi ya pili iko chini ya ya kwanza, pedi hiyo inapoteza nguvu ikipata moto, na hiyo ni habari ya maana. Ila “moto” wa kipimo hiki unaishia nyuzi 340 hivi, na kinachopimwa ni kipande cha inchi moja ya mraba kwenye mashine. Juu ya nyuzi hizo hakina la kukwambia. Kwa hapo tafuta mchoro wa msuguano dhidi ya joto unaotolewa na mtengenezaji, na utazame umbo la mstari kabla ya kilele chake. Ferodo DS2500, kwa mfano, imepewa na mtengenezaji wastani wa 0.42 kutoka nyuzi 20 hadi 500. Si kali kuliko zote, lakini mstari wake umelala, na ndiyo maana imekuwa rafiki wa magari mepesi yanayoendeshwa kwenda saketi na kurudi nyumbani.

Alama nyingine ni herufi E yenye namba ndani ya duara pamoja na maandishi R90. Hiyo ni idhini ya Ulaya kwamba pedi mbadala inakaribia breki za asili za gari, kwa tofauti isiyozidi asilimia 15. Pedi nyingi za mashindano hazina. Jambo hili linawagusa hata wanaokwenda Nordschleife siku ambazo iko wazi kwa umma, kwa sababu siku hizo inahesabika kuwa barabara ya kulipia, na sheria za barabara za Ujerumani zinatumika.

Kisha ishike mkononi. Mahali nyama ya pedi inapokutana na bamba la chuma pasiwe na mwanya wala mstari wa kutu. Bamba lenyewe liwe bapa. Liweke juu ya kioo, lisicheze. Rangi isiwe nene kwenye masikio yanayoteleza ndani ya kalipa, maana pedi itakwama na kuendelea kugusa diski. Rangi ya nyama iwe sawa upande wa kulia na wa kushoto, na pedi nne za boksi moja ziwe na namba moja ya toleo. Boksi zuri lenye pedi zisizo na namba yoyote liache dukani, hata bei ikivutia.

Msimamo wangu, kwa mtu anayekwenda saketi kwa dhati, ni seti mbili. Pedi inayostahimili nyuzi 700 karibu kila mara huwa dhaifu ikiwa baridi, na mtoto akikatiza barabara saa kumi na mbili asubuhi hakuna muda wa kuipasha. Tena hulia, na ikiwa baridi huisaga diski kama msasa. Kwenye kalipa za Brembo za STI, zenye pistoni nne mbele, kubadilisha ni kutoa tairi, kugonga pini mbili, na kusukuma pistoni nyuma. Anayekwenda mara moja moja, kwa gari jepesi na matairi ya barabarani, atoshelezwe na pedi ya katikati, mradi akubali kupumzisha gari baada ya mizunguko michache.

Usifunge pedi kali zaidi nyuma kuliko mbele ukitarajia uwiano. Nyuma ikifunga kwanza gari linageuka. ABS nayo imepangwa kwa msuguano fulani. Pedi inayoshika ghafla mno inaweza kuifanya idhani barabara inateleza, na ikapunguza breki pale unapozihitaji. Mafuta ya breki yabadilishwe kabla ya siku ya saketi. DOT 4 mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 230, lakini ikishanyonya maji asilimia 3.7, kiwango cha chini kinashuka hadi 155, na hewa nzito ya Mombasa au Dar es Salaam haiyaonei huruma. Yapo ya mashindano yanayopita nyuzi 300.

Pedi mpya zizoeshwe. Breki zifungwe mara kadhaa kutoka kilomita 100 hadi 30 kwa saa, kwa nguvu inayopanda, bila kusimama kabisa, hadi harufu itoke. Kisha endesha bila kugusa breki mpaka zipoe. Hapo utando mwembamba wa pedi unakaa sawasawa juu ya diski. Ukisimama na kuikandamiza diski ikiwa moto, utando unabaki mahali pamoja, na usukani utatetemeka. Fundi atasema diski zimepinda, na mara nyingi hazijapinda.

Baada ya siku ya saketi zitoe uzisome. Ukingo ulioingia weupe wa majivu unasema resini imeungua, na uso unaong'aa kama kioo unasema pedi imechemshwa kabla ya kuzoeshwa au imetumika nje ya joto lake. Upande mmoja ukiwa mwembamba kuliko mwingine, tazama kalipa kabla ya kulaumu pedi. Nyufa ndogo za juu zinavumilika. Ufa unaofika kwenye bamba hauvumiliki. Na unene ukiwa umefika nusu, pedi hiyo haina kazi tena saketini hata kama barabarani ingedumu miezi, kwa kuwa nyama nyembamba inapitisha joto moja kwa moja kwenye pistoni na mafuta yaliyo nyuma yake.