Neno "Kuridhika" Katika Kipimo cha Maisha

Mwaka 1985 Ed Diener na wenzake watatu walitoa huko Marekani kipimo cha kuridhika na maisha. Kina kauli tano tu, na kila kauli hujibiwa kwa namba, kuanzia 1, yaani kukataa kabisa, mpaka 7, yaani kukubali kabisa. Basi jumla haipungui 5 wala haizidi 35. Sifa yake ni ufupi, na kwa ajili hiyo kimefasiriwa kwa lugha nyingi. Walakini ufupi huo ndio unaolitwika neno moja mzigo mkubwa.

Katika Kiswahili mzigo huo huangukia neno "kuridhika". Asili yake ni Kiarabu, na maana zake ni mbili: kutoshelezwa na hali aliyo nayo mtu, na kukubali kwa moyo mtulivu alichojaliwa, hata kama hakimtoshi. Maana ya pili ni tabia njema, nayo husifiwa. Mathalani, mjane maskini aliyefunzwa kushukuru aweza kutaja 6, na tajiri asiyekinai akataja 3. Namba hizo zikilinganishwa, kwa mmoja imepimwa adabu, na kwa mwingine hali ya maisha.

Kauli ya tano ina taabu nyingine. Humtaka mtu adhani kwamba angeishi tena tangu mwanzo, kisha aseme kama angebadili jambo. Kiambishi -nge- chaieleza dhana hiyo barabara, na sarufi haina kosa. Lakini anayeyaona yaliyopita kuwa ni kadari ya Mungu hujibu swali la imani.

Wataalamu wa takwimu huchungua mambo matatu: kama kauli zafuata mpango mmoja katika kila kundi, kama kila kauli ina uzito ule ule, na kama watu walioridhika sawasawa, wakiwa wa makundi mbalimbali, hutaja namba sawa. Wastani wa makundi haulinganishwi kwa haki mpaka sharti la tatu litimie. Hata hivyo, ikiwa adabu imezipandisha kauli zote tano kwa kiasi kimoja, hesabu haitaliona kosa. Hapo hapana budi kumwuliza mjibuji amelielewaje neno.

Basi kufasiri kipimo si kazi ya kumalizwa na kamusi. Ikiachwa hivyo, aliyejifunza kusubiri atahesabiwa kuwa ameshiba, na fungu lake atapewa aliyejua kulalamika.