PSP Iliyojificha Ndani ya PS3

Ndani ya programu ya mfumo ya PS3, mahali ambapo mchezaji wa kawaida hafiki, mna folda inayoitwa pspemu. Humo mna programu mbili za msingi, psp_emulator na psp_translator, na kazi yao ni kuiwezesha konsoli ya sebuleni kufanya kazi ya PSP, ile mashine ya kushika mkononi ambayo Sony ilianza kuiuza Japani tarehe 12 Desemba 2004. Ukiingia mtaa wa Tena, Nairobi, jioni kutoka Manyanja Road, utazikuta PS3 kwenye vibanda vya gemu zikichezewa mpira, mechi baada ya mechi, na foleni ikisubiri padi. Kila moja iliyosasishwa tangu mwisho wa 2009 imebeba PSP tumboni, na wengi wanaoilipia hawana habari.

Nataka tuangalie PSP hiyo iliingizwaje humo, kwa sababu ni kazi ya ufundi wa hali ya juu iliyofungiwa kwenye chumba kidogo mno. Mtu akiambiwa kwamba gemu ya PSP inachezeka kwenye PS3, hujibu kwamba si ajabu, PS3 ina nguvu. Nguvu inayo kweli. Prosesa yake, Cell, inakwenda kwa gigahezi 3.2, na ya PSP haizidi megahezi 333. PSP za kwanza zilikuwa na megabaiti 32 za kumbukumbu kuu. PS3 ina 256, na nyingine 256 za picha. Lakini nguvu haiifanyi mashine moja ielewe amri za nyingine. Kikwazo kilikuwa lugha, na baada ya lugha kikaja wakati.

Prosesa ya PSP ni ya ukoo wa MIPS. Kiini kikuu cha Cell ni cha ukoo wa PowerPC. Njia rahisi ya kuzipatanisha ni kusoma amri moja ya MIPS, kutafuta maana yake, kuitekeleza, kisha kurudi kuchukua ya pili. Kwa gemu inayotekeleza mamilioni ya amri kila sekunde, njia hiyo inachechemea. Ya haraka ni kuchukua kipande kizima cha amri za MIPS, kukiandika upya kwa amri za PowerPC na kukihifadhi. Gemu ikirudi pale, inakuta tafsiri iko tayari. Na gemu hurudi sana: kupima kama mpira umegusa mlingoti, kumchora mchezaji, kusoma padi, yote ni mizunguko ileile. Gharama ya kutafsiri inalipwa mara moja, faida inavunwa kutwa nzima.

Ndipo unapokutana na suala la baiti. PSP ikihifadhi namba ya baiti nne, huanza na baiti ya thamani ndogo. Cell huanza na ya thamani kubwa. Chukua namba 1: kwenye kumbukumbu ya PSP imekaa kama 01 00 00 00. Cell ikizisoma baiti hizohizo kwa mpangilio wake, inapata 16,777,216. Mchezaji aliyebakiwa na uhai mmoja anajikuta na uhai zaidi ya milioni kumi na sita. Kwa hiyo kila namba inayotoka kwenye kumbukumbu ya PSP lazima igeuzwe kabla ya kutumiwa, na igeuzwe tena ikirudishwa. Bahati njema, PowerPC ina amri iitwayo lwbrx ambayo husoma namba ya baiti nne huku ikiigeuza, na nyingine, stwbrx, ya kuandika. Bila hizo, kila usomaji ungeongezewa hatua kadhaa.

MIPS ina tabia nyingine. Ikiamriwa kuruka kwenda sehemu nyingine ya programu, huitekeleza kwanza amri iliyo mara tu baada ya ile ya kuruka, ndipo iruke. PowerPC haina mwenendo huo. Mtafsiri lazima aichukue ile amri ya nyuma aipitishe mbele, na ahakikishe sharti la kuruka limeshapimwa kabla amri hiyo haijavuruga rejista. Ukikosea hapo gemu haizimiki papo hapo. Inaendelea kwa dakika kadhaa, kisha adui anapita ukutani, na anayetafuta kosa hajui aanzie wapi.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni hesabu za vekta. PSP ina kitengo maalumu chenye rejista 128, zilizopangwa kama majedwali manane ya nne kwa nne. Hivyo ndivyo gemu ya 3D inavyozungusha na kusogeza kila kitu unachokiona. Upande wa PowerPC, Cell ina rejista 32 za vekta, kila moja ikibeba namba nne. Zidisha: 128. Inaingia barabara! Ila programu ya PSP inaweza kuliomba jedwali kwa safu mlalo au kwa safu wima, vyovyote ipendavyo. Rejista ya Cell ni ya mlalo tu. Anayetaka wima lazima achomoe namba moja moja kutoka rejista nne na kuziunga upya, na kazi hiyo ndogo ikirudiwa mara maelfu kwa kila picha, hata gigahezi 3.2 zinaanza kuhesabika.

Upande wa picha kuna tatizo ambalo mtu yeyote mwenye tivi anaweza kuliona kwa macho. Skrini ya PSP ina pikseli 480 kwa 272. Tivi ya HD kamili ina 1920 kwa 1080. Upana unaingia mara nne kamili. Urefu ukizidishwa kwa nne unatoa 1088, yaani mistari 8 imezidi. Ukikata minne juu na minne chini, kila pikseli ya PSP inakuwa mraba safi wa nne kwa nne na herufi zinasomeka. Tivi nyingi za inchi 32 mtaani, hata hivyo, si za HD kamili. Zina pikseli 1366 kwa 768. Pale upana unaongezeka mara 2.85 hivi, kiwango kisichogawanyika sawa, na mashine inabaki kuchanganya rangi za pikseli jirani. Ndiyo maana gemu ya mkononi kwenye tivi kubwa huonekana kama imepakwa mafuta. Dawa ni kutoinyoosha picha iliyokwisha kuchorwa, bali kuichora upya kwa ukubwa wa tivi. Gemu ya Monster Hunter Portable 3rd ilipotolewa kwa PS3 huko Japani tarehe 25 Agosti 2011, picha zake ziliboreshwa kwa HD, na tofauti unaiona kabla hujashika padi.

Sasa wakati. PSP hutoa picha takriban 60 kwa sekunde. PS3 ikiunganishwa kwa waya wa HDMI nayo hutoa 60, hapo hakuna ugomvi. Lakini Kenya ilirithi mfumo wa PAL, na tivi ya zamani yenye mgongo, ikiunganishwa kwa waya wa AV wa rangi tatu, hupokea picha 50. Katika kila picha sita, moja lazima ianguke. Jicho linaiona kama mtikisiko wakati kamera inapopita juu ya uwanja. Sauti haiwezi kuangushwa vivyo hivyo, kwa sababu sikio halisamehe. Emuleta, yaani programu inayoiga PSP, ikichelewa kidogo tu kujaza sauti, spika zinakwaruza.

Nintendo iliwahi kupambana na jambo hilihili kwa njia tofauti. Super Game Boy ya 1994 haikuiga kitu: ndani ya kaseti ya konsoli ya Super Nintendo waliweka prosesa halisi ya Game Boy. Lugha ikawa imetatuliwa. Lakini prosesa hiyo ilichukua saa yake kutoka kwa konsoli, nayo ikaenda kasi zaidi kwa takriban asilimia 2.4, na muziki ukapanda sauti kidogo. Ikabidi watoe Super Game Boy 2 huko Japani mwaka 1998, yenye saa yake yenyewe.

Turudi kwenye ile folda. Sony iliifungua mwisho wa 2009, kwa toleo la 3.15 la programu ya mfumo, ili PS3 icheze gemu ndogo zilizoitwa minis. Kila moja ilipaswa isizidi megabaiti 100. Diski ya PSP, UMD, inabeba gigabaiti 1.8. Mashine yenye uwezo wa kutafsiri PSP ikaruhusiwa kucheza vitafunio peke yake. Nalihesabu hilo kama hasara kwa wachezaji waliokuwa tayari kulipia gemu kamili.

Kufuli lilivunjika kwingine kabisa. Desemba 2010 huko Berlin, kikundi cha wadukuzi cha fail0verflow kilionyesha kwamba saini za kidijitali za PS3 zilitumia namba ya nasibu ileile kila mara, badala ya mpya kwa kila saini. Ukiwa na saini mbili za namna hiyo, ufunguo wa siri unapatikana kwa hesabu ya darasani. Januari 2011 mdukuzi George Hotz akautangaza ufunguo hadharani. Baadaye, waliofungua PS3 zao waligundua kwamba pspemu inazikubali gemu kamili za PSP: baadhi zikaenda vizuri, baadhi zikakwaruza sauti, nyingine zikakwama kwenye nembo. Siungi mkono kupakia gemu ambayo hukuilipia. Walioitengeneza walifanya kazi. Ila kama ushahidi wa kiufundi, haupingiki. Mtafsiri alikuwa na uwezo mkubwa kuliko nafasi aliyopewa.

Vijana wengi wa Tena wameijua PSP kwa mlango mwingine, kupitia PPSSPP, emuleta ya simu iliyoanzishwa na Henrik Rydgård mwaka 2012, ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Na hapa ndipo habari ya lugha inapojionyesha. Prosesa ya simu, ARM, kwenye Android hupanga baiti kuanzia ndogo, sawasawa na PSP. Hakuna kugeuza. Simu ya bei ya chini inakwepa mzigo ambao PS3, pamoja na Cell yake yote, iliubeba kwa kila usomaji wa kumbukumbu. Kwa kuwa msimbo uko wazi, gemu iliyokwama mwaka huu inaweza kutengenezwa mwaka ujao na mtu mwingine kabisa.

Lakini kibanda kinalipiwa na watu wawili walioketi benchi moja mbele ya skrini moja. Simu nyingi za bei ya chini hazitoi picha kwa waya, na ukiirusha kwa Wi-Fi hadi kwenye tivi, picha inafika imechelewa: unabonyeza shuti, golikipa ameshadaka. PS3 ina HDMI, ina padi zinazofanya kazi hata kwa waya wa USB, na ina kijiti cha pili ambacho PSP haikuwa nacho. Wachezaji wa Monster Hunter walikuwa wakikunja kidole cha shahada juu ya vitufe vya mwelekeo ili kuzungusha kamera huku kidole gumba kikiendesha mtu. Kwenye PS3 kamera ilihamia kijiti cha kulia. Ningekuwa na kibanda, ningeanza na waya wa HDMI, kisha niingie kwenye menyu ya tivi nichague hali ya gemu, ile inayoizuia tivi kuikarabati picha kabla ya kuionyesha, kisha ndipo nimpe mteja padi.