Mwimbaji na Mwenye Maneno

Miongoni mwa sanaa zilizodharauliwa zamani na ambazo sasa zinatafutwa tena ni nyimbo za Kifaransa za wasichana wa miaka ya 1960. Ziliitwa yé-yé, jina lililoenezwa na mwanazuoni Edgar Morin katika gazeti la Le Monde mwaka 1963. Wakosoaji wengi wa wakati ule walizihesabu kuwa michezo ya watoto. Wanaozifufua leo huzisifu kwa sauti laini na usafi wa moyo. Hukumu zote mbili zina upungufu, kwa kuwa zimepima sauti zisiulize maneno ni ya nani.

Mwaka 1962 Françoise Hardy, msichana wa miaka 18, alitoa wimbo wa upweke wa kijana asiye na mpenzi, na maneno aliyatunga mwenyewe. Mwaka 1966 France Gall, naye wa miaka 18, aliimba Les Sucettes, utungo wa Serge Gainsbourg juu ya msichana apendaye peremende. Watu wazima walitambua fumbo la aibu ndani yake. Gall alieleza baadaye kwamba hakulijua, na kwamba alipolijua aliona amesalitiwa.

Ufundi wa Gainsbourg haukataliki. Lakini fumbo katika ushairi wetu ni mali ya mwenye kulisema: hulifumba akijua, na msikilizaji hulifumbua. Hapa mwenye kulitamka ndiye aliyefumbiwa. Kuusifu wimbo huo kwa usafi wa mwimbaji ni kuusifu kwa jambo lile lile alilodhulumiwa.

Swali hili si la Paris pekee. Tunduma, mji wa mpakani katika Mkoa wa Songwe, ni njia ya malori yaendayo Zambia na Kongo, na nyimbo za Kongo, Kilingala kikichanganyika na Kifaransa, zimependwa nchini mwetu miaka mingi. Wengi wetu huziimba tusizielewe, tukasema sauti yatosha. Sauti hutosha kwa ngoma. Kwa uhakiki haitoshi.

Mfano wa kutufaa ni Abeti Masikini, aliyezaliwa Stanleyville, sasa Kisangani, mwaka 1954. Aliimba kwa Kilingala, Kifaransa na Kiswahili, na mwaka 1973 alipanda jukwaa la Olympia, Paris, ambako waimbaji wa yé-yé walikuwa wamemtangulia. Alipotumia lugha za kwao, Mfaransa ndiye aliyekaa mahali petu, akisikia utamu asijue maana.

Basi mwanafunzi anayezirudia nyimbo hizi na aanze kwa tafsiri, kisha amtafute mtunzi, ndipo aipime sauti. Kwa utaratibu huo Hardy atapata heshima ya mtunzi aliyostahili, na Gall atapata haki ambayo sifa tupu haikumpa.