Mkia wa g

Itazame g ndogo kwenye kitabu kilichopigwa chapa kwa herufi za Baskerville. Kitanzi chake cha chini hakifungwi: mstari unashuka, unazunguka, unaanza kurudi ulikotoka, kisha unakoma kabla haujafika. Wenye ngoma, nguo na ng'ombe tunaonana nayo kila mstari. Q kubwa ya herufi hizo, yenye mkia wa kuburuza, ndiyo sifa yao kuu, ila Kiswahili hakina kazi ya kuipa.

John Baskerville wa Birmingham, Uingereza (aliyefariki 1775), alikuwa mwalimu wa mwandiko na mchongaji wa maandishi ya makaburi kabla ya kutajirika kwa biashara ya vyombo vya vanishi. Mkono huo haukupotea alipogeukia herufi za kuchapia. Mahali pa unene pamenenepa kwelikweli, na pa wembamba ni kama unywele, kuliko alivyothubutu Caslon, mtengenezaji herufi aliyemtangulia. Aliyezichonga katika chuma, moja moja na kinyumenyume, ni fundi wake John Handy, ambaye wasifiaji humsahau.

Ninachomsifia zaidi Baskerville ni kwamba hakuishia kwenye herufi. Mistari myembamba vile ingemezwa na karatasi yenye mikwaruzo, basi akatumia karatasi laini ya James Whatman. Wino wa sokoni hakuuona mweusi wa kutosha, akachanganya wake. Kurasa zikishachapwa, alizibana katikati ya mabamba ya shaba ya moto mpaka zing'ae. Ndivyo kilivyotoka kitabu chake cha mashairi ya Virgil cha mwaka 1757, pambizo pana, mistari ikipumua.

Wenzake walilalamika kwamba herufi hizo zinaumiza macho. Benjamin Franklin, naye mpiga chapa, alimwandikia mwaka 1760 jinsi alivyomnasa mlalamikaji mmoja: alimpa karatasi ya herufi za Caslon akidai ni za Baskerville, na bwana yule akazitaja kasoro zake zote bila kusita.

Faida haikuja. Baada ya kifo chake, mjane wake Sarah aliviuza vyuma vya herufi zake kwa Beaumarchais wa Ufaransa, aliyechapa navyo maandishi ya Voltaire. Vilirudi Uingereza mwaka 1953, Cambridge.

Leo herufi za jina lake zimo kwenye kompyuta nyingi, na tunazifanyia tusiyothubutu kumfanyia mgeni. Kwenye kadi ya harusi zinavutwa pembeni zijaze nafasi. Kwenye kitabu cha shule zinabanwa mpaka pambizo linaliwa na gundi, na wino unahamia vidoleni. Juzi nilifungua diwani moja mpya, jalada lina rangi zote za upinde wa mvua. Ndani, herufi zimekuzwa kupita upana wa ukurasa, kwa hiyo kila mshororo umekatika na kina cha mwisho kimeangukia chini peke yake. Mizani aliyoihesabu mshairi kwa vidole, anayetaka kughani sasa inabidi aiunge mwenyewe. Na bei ya kitabu si ndogo.